Walitaka kukikata kijiji chetu kwenye ramani ili solver ipite

Wakuu, hamjambo humu ndani.

Mimi ni msomaji wa kimya. Nachungulia, nacheka, naondoka. Leo nimekaa kuandika kwa sababu nimekasirika, na nitakachosema kimenitokea mimi mwenyewe, sikusimuliwa na shoga. Asiyeamini apite tu, simshiki shati.

Kilichonitoa mafichoni ni uzi wa juzi kule upande wa teknolojia. Kijana mmoja kauliza: simulation yake kubwa inakufa kila akiiwasha, kosa kwenye multigrid halishuki, afanye nini? Majibu yakamiminika. Ongeza processor. Badilisha solver, yaani hiyo program inayokokotoa. Halafu mmoja anayejiita mtaalamu akamwambia: "Tafuta sehemu korofi kwenye ramani, ikate, maisha yaendelee." Watu wakampongeza.

Ikate.

Wakuu, mimi nimezaliwa kwenye hiyo sehemu korofi. Mama yangu anaishi kwenye hiyo sehemu korofi mpaka leo. Kwa hiyo kaeni vizuri.

Kwanza mnijue kidogo. Nimesoma mpaka form six, mchepuo wa PGM, matokeo hayakunifikisha chuo. Nina mtoto mmoja, Somoe. Wakati wa kisa hiki alikuwa na miezi saba. Baba yake msiniulize, hayumo kwenye uzi huu wala kwingine. Nilikuwa nimepanga chumba Masasi mjini, lakini kwetu hasa ni Newala, kijiji cha ukingoni kabisa, pale uwanda unapokatika ghafla na bonde la Ruvuma linabaki chini huko.

Kwa wasiojua huku: juu ya uwanda wa Makonde korosho inakubali, muhogo unakubali, kila kitu kinakubali isipokuwa maji. Mvua ikinyesha mchanga unaimeza yote. Inazama, inasafiri chini kwa chini, inakuja kutokea kwenye chemchemi, chini ya mteremko.

Kwa hiyo mwanamke wa kwetu anashuka kuteka, halafu anapanda na ndoo kichwani. Kushuka ni kama dakika arobaini. Kupanda inategemea magoti yako. Njia inapofika juu kuna jiwe kubwa bapa. Hapo kila mwanamke anatua ndoo, anakunja ngata yake upya, anapumua, ndipo anaelekea nyumbani. Tunapaita Jiweni.

Likumbukeni hilo jiwe.

Zamani habari ya maji ilikuwa ya idara. Tangu soko huria liingie, korosho ananunua yeyote mwenye lori, simu za mkononi zimefika, na kazi za maji nazo zinatolewa kwa tenda. Kampuni moja, siitaji, ikapata tenda ya kutengeneza model ya maji ya chini ya ardhi kuanzia Masasi mpaka Newala. Model ndiyo itakayosema visima virefu vichimbwe wapi.

Kijiji kisichokuwemo kwenye model hakimo kwenye orodha ya kuchimbiwa. Sentensi hiyo ndiyo uzi wote.

Mimi niliajiriwa kuingiza data. Fomu zinatoka field kwenye makaratasi, mimi nazipiga kwenye computer. Bosi wetu nitamwita Injinia Deo, si jina lake. Mtu wa Dar, hajawahi kuona vumbi kwenye viatu vyake akakubali.

Supercomputer ya kupigia hesabu za model ilikuwa ng'ambo. Sisi tulikuwa na dishi juu ya bati na computer mbili. Unaandika amri, unatuma kazi, inakaa foleni na kazi za watu wa dunia nzima, ikishaisha unasoma log, yaani taarifa ya jinsi kazi ilivyokwenda. Injinia alichoka kukaa akisubiri, akanifundisha mimi. Miezi miwili baadaye nilikuwa natuma job, nahariri mafaili, nasoma log kama gazeti, na Somoe mgongoni.

Injinia akipita anasema, "Mama Somoe, hii ofisi si kliniki."

Namjibu, "Ndiyo Injinia, ndiyo maana hajachomwa sindano."

Tuliishi hivyo.

Sasa multigrid ni nini, kwa wale ambao hesabu ziliwapita. Ramani inakatwa vijumba vidogo vidogo. Kila kijumba kina namba yake, yaani maji yako kimo gani hapo, na namba hiyo lazima ipatane na za majirani. Kosa dogo la jirani na jirani linamalizwa hapohapo, kama ugomvi wa kuku unavyoishia kwa balozi wa nyumba kumi.

Lakini kuna kosa lililotanda wilaya nzima. Hilo balozi halioni, maana akimtazama jirani yake anaona wako sawa. Wamekosea wote pamoja. Basi shauri linapandishwa: kijiji, kata, tarafa, wilaya. Kule juu vijumba ni vikubwa na vichache, kosa linaonekana wazi, linasahihishwa, na masahihisho yanashushwa tena mpaka kwa balozi. Kupanda na kushuka huko ndiyo mzunguko mmoja. Kila mzunguko, kosa lililobaki linapungua. Lisipopungua, kuna mtu kwenye shauri anadanganya.

Ramani yetu ya majaribio ilikuwa na vijumba vya kilomita mbili. Ilipita kwenye processor nane, mizunguko kumi na moja, kwisha. Injinia alifurahi mpaka akatununulia mihogo ya kukaanga.

Tukahamia ramani kubwa, vijumba vya mita mia moja, processor mia tano na kumi na mbili.

Mizunguko mitano ya kwanza kosa likashuka vizuri. Wa sita likasimama. Mizunguko mia ikapita limesimama palepale kama punda aliyekataa mzigo. Halafu likaanza kupanda. Job ikafa.

"Ni processor," akasema Injinia. "Zimekuwa nyingi mno. Kila moja ina kipande chake na habari za jirani zinaifikia zimechelewa."

Si ujinga alichosema. Hutokea kweli. Tukapunguza zikawa mia mbili na ushee, ikafa. Tukapunguza tena, ikafa. Tukabadilisha namna balozi anavyosuluhisha, tukamwambia aende polepole, asuluhishe mara mbili mbili. Ikafa. Tukabadilisha hakimu wa ngazi ya juu kabisa. Ikafa. Kila jaribio la ramani kubwa lilingoja foleni siku moja, wakati mwingine mbili. Wiki tatu zikateketea hivyo.

Mwisho Injinia akageukia watu. "Data za field ni mbovu. Watu wenu wa huku."

Watu wenu. Nikaondoka kwenda kumbadilisha mtoto nepi, nisije nikasema neno.

Jumatatu moja nikamkuta anacheka. Amekata ukanda mzima wa ukingoni mwa uwanda, upande wa Newala, ramani iliyobaki imepita mizunguko kumi na miwili. Kwenye ramani ya ukutani alikuwa ameshachora mstari kwa kalamu nyekundu. Vijiji vitano nje. Cha kwetu cha tatu kutoka kushoto.

"Injinia, hapo pana watu."

"Najua pana watu. Model haihesabu watu, inahesabu maji."

"Na maji yapo. Nimekua nikiyanywa."

"Mama Somoe, umesoma numerical analysis wewe?"

"Sijasoma. Wewe umewahi kuyateka?"

Akacheka, lakini si sana. "Haya. Ripoti inaondoka Ijumaa saa sita mchana. Ukipata kosa kabla ya hapo, nakupa kiti changu."

Sikuwa na shida na kiti. Shida yangu ilikuwa ule mstari mwekundu. Mama yangu ana goti moja linalolia kama bawaba, na anashuka kuteka kila siku ya Mungu.

Ngoja kidogo, mtoto kaamka.

Nimerudi. Kashiba, kalala.

Sasa kijana uliyeuliza kule, soma hapa polepole.

Jumatatu hiyohiyo mchana nilifanya kinyume cha Injinia. Yeye alikata ukanda akautupa. Mimi nilikata ukanda nikautunza, nikatupa ramani iliyobaki. Ukanda peke yake ni mdogo, unaingia kwenye processor moja. Nikautuma kwenye processor moja tu. Hapo hakuna jirani wa kuchelewesha habari. Ikipita, processor zina kesi. Ikigoma, hazina.

Kazi ndogo haingoji sana. Jumanne asubuhi nikafungua log. Imegoma. Tena imegoma vilevile: mitano inashuka, wa sita inasimama.

Processor mia tano na kumi na mbili nikaziachia huru, hazina hatia. Nikamwambia Injinia. Akasema, "Bahati." Bahati ya nani, sijui.

Jambo la pili. Log inakupa namba moja ya kosa kwa ramani nzima. Ni kama kumwambia daktari "Newala wanaumwa". Nani anaumwa? Program ilikuwa na uwezo wa kuandika kosa lililobaki kijumba kwa kijumba, lakini hakuna aliyewahi kuuwasha, kwa sababu kwa ramani kubwa faili lingekuwa zito kuliko dishi letu. Kwa ukanda mdogo linabebeka. Nikawasha, nikarusha tena, nikalivuta faili huku nanyonyesha.

Sikuwa na program ya kuchora. Nilikuwa na karatasi za grafu zilizobaki tangu form six na penseli. Kijumba chenye kosa kubwa, nukta. Nikachora mpaka usiku.

Nilitegemea nukta zitapakaa kote, maana ndivyo Injinia alivyosema: data mbovu, watu wenu, kote kumeoza. Hazikupakaa. Zilijikusanya madoa mawili tu, yote chini ya mteremko. Kwingine kote kweupe.

Na kilichonishtua zaidi, ndani ya kila doa kosa lilikuwa namba ileile. Kijumba kwa kijumba, ileile. Kosa la kawaida linacheza, huku juu, huku chini. Hili lilikuwa limetulia kama maji kwenye ndoo.

Nikaiangalia ile karatasi nikajisemea: ni ndoo kweli.

Hebu fikirini. Kipande cha bonde, pande zote kimezibwa na mfinyanzi na mwamba. Mvua inaingia kila mwaka. Kama hakina pa kutolea maji, maji yake yawe kimo gani? Hakuna jibu. Si kwamba solver ni dhaifu, jibu lenyewe halipo. Shauri linapandishwa mpaka wilayani na kurudi, linapandishwa na kurudi, na haliishi, kwa sababu maji yanayoingia hayana mlango wa kutokea.

Lakini mlango upo! Doa la kwanza lilikuwa bonde letu, na bonde letu lina chemchemi. La pili ni bonde la kijiji jirani, nao wana yao. Nikafungua faili la chemchemi. Zote mbili zimo, namba zao, majina yao.

Ndipo nikafanya kitu cha tatu ambacho hatukukifanya wiki tatu nzima. Nilisoma log kuanzia juu.

Sote tulikuwa tunasoma mkia, pale inapofia. Nikaanza mstari wa kwanza, nikashuka, nikashuka, maelfu ya mistari ya porojo, na hapo katikati mistari miwili haina hata alama ya kushtua: chemchemi namba fulani na namba fulani zimeangukia kwenye kijumba kilichofungwa, zimerukwa.

Zimerukwa! Kimyakimya, kama mgeni asiyeitwa chakula.

Vijumba vilivyofungwa ni vile vya juu ya uwanda, tabaka la juu, ambalo kwenye model ni kavu. Sasa chemchemi zinafanya nini juu ya uwanda? Nikachukua rula, nikapima vipimo vya GPS kwenye ramani ya ukutani. Chemchemi yetu ilikuwa imekaa juu, mwanzo kabisa wa njia.

Ilikuwa imekaa Jiweni.

Na hapo nikaelewa kwa nini ramani ya majaribio ilipita. Kijumba cha kilomita mbili kinameza Jiweni na chemchemi pamoja, juu na chini vyote humo. Kwa vijumba vya mita mia, juu ni juu na chini ni chini. Ramani ya majaribio haikuwa sahihi, ilikuwa haioni vizuri.

Jumatano asubuhi nikamkuta mpimaji wetu uani anakaza mnyororo wa pikipiki. Anaitwa Athumani, naye ni shemeji yangu, kamuoa binti wa mama yangu mdogo, hapo hapo kijijini kwetu. Mtu mwaminifu, hajawahi kubuni kipimo.

"Shemeji, chemchemi ya kwetu ulipimia wapi?"

"Jiweni."

Hivyohivyo, bila kupepesa.

"Jiweni? Kwani maji yanatoka kwenye jiwe?"

"Ningeshuka vipi, Mama Somoe? Ilikuwa asubuhi."

Wakuu wa mikoa mingine, nieleweni taratibu. Kwetu asubuhi chemchemi ni ya wanawake. Wanateka, wanafua, wanaoga. Mwanamume mwenye akili zake hashuki. Na Athumani ni mkwe wa kijiji. Mkwe wa kiume na mama mkwe wake kwetu hata njia moja hawapishani hivihivi, mmoja anaingia kichakani.

"Ulitaka nimkute mkwe wangu na povu la sabuni?" akasema. "Halafu niende wapi mimi? Nihamie Msumbiji?"

"Ungeshuka mchana!"

"Mchana gari la Injinia lilikuwa linaondoka. Na kijiji kile cha pili hali ilikuwa ileile, tumefika watu wanaoga. Lakini mimi niliandika, shemeji. Sikuficha."

Akatoa daftari lake mfuko wa nyuma. Kweli, safu ya maelezo, kwa mwandiko wake mzuri: Imepimwa Jiweni, chemchemi iko chini ya mteremko, sikushuka, wapo akina mama.

Hapo hasira yote niliyokuwa nimeibeba tangu Jumatatu ikageuka ikanitazama mimi.

Kwa sababu fomu yenye maneno hayohayo niliipiga mimi. Siku ya kwanza kazini nilimuuliza Injinia safu ya maelezo naiweka wapi, akasema, "Hiyo achana nayo, mashine haisomi Kiswahili." Nikaachana nayo. Ile sentensi niliiona. Niliisoma kwa macho haya, nikatabasamu nikimwaza mama mdogo na sabuni yake, nikairuka. Program ilikuwa ya pili kuiruka chemchemi yetu. Wa kwanza nilikuwa mimi, mtoto wa hapohapo.

Sikulia. Nilikuwa na siku mbili.

Kabla ya kuondoka nikafanya ujanja mmoja. Ramani kubwa kwenye processor zote inangoja foleni siku mbili, na mimi sikuwa na siku mbili za kungoja baada ya kurudi. Lakini job inasoma mafaili yake inapoanza, si inapotumwa. Basi nikaituma Jumatano hiyohiyo na faili bovu ndani, nikaiwekea isianze kabla ya Ijumaa asubuhi. Mwanamke anayetoka kwenye shida ya maji anaujua huo mchezo: unatanguliza ndoo kwenye foleni, unakwenda kupika, unarudi kabla zamu haijafika.

Nikaomba GPS. Injinia akanipa kwa ncha za vidole. "Usiidondoshe." Nikapata lifti ya lori la mnunuzi wa korosho, Somoe kifuani, na jioni nikawa kwa mama.

Alhamisi asubuhi tukashuka. Mimi, mama, mama mdogo na wanawake wengine sita saba. Somoe nikamfunga mgongoni, GPS shingoni.

"Shikamoo mama mdogo."

"Marahaba. Ndiyo nini hiyo shingoni, simu ya waliofika form six?"

"Inapima tulipo."

"Tulipo tunapajua."

Wanawake wakacheka mpaka mmoja akakaa. Nikawaeleza kwamba mkwe wake alipimia Jiweni kwa kuogopa kumkuta anaoga, na kwa ajili hiyo kijiji kinataka kutolewa kwenye orodha ya kisima. Mama mdogo akaacha kufua.

"Ana adabu yule mtoto," akasema. "Adabu yake inataka kutuua kwa kiu."

"Si yeye peke yake," nikasema. "Aliandika. Mimi ndiye niliyeacha."

Mama yangu alikuwa anajaza ndoo kwa kata, hakuinua kichwa. "Basi pima," akasema. "Unangoja nini?"

Nikasimama pale maji yanapotokea, mguu mmoja kila upande wa mkondo, mpaka ile namba ikatulia. Nikaandika mara mbili, kwenye daftari na kwenye mkono. Halafu nikafuata chini ya mteremko kwa miguu mpaka chemchemi ya kijiji cha pili. Kule nako wakanitania, kule nako nikapima. Nikarudi kwa mama, tukapanda. Kupanda nikiwa na mtoto tu, bila ndoo, nilisimama mara nne. Mama alipanda na ndoo, akasimama mara mbili. Jiweni alitua, akakaa, akalishika goti lake kwa mikono miwili kama anayemtuliza mtu.

 Mimi nikasema moyoni yote niliyotaka kumwambia Injinia.

Ijumaa saa mbili asubuhi nilikuwa Masasi, mbele ya mashine. Ndoo yangu ilikuwa ya tatu kwenye foleni. Nikabadilisha mistari miwili tu kwenye faili la chemchemi. Solver sikuigusa hata nukta. Nikaangalia mara tatu, nikahifadhi.

Saa nne ikaanza.

Injinia akaja na kikombe chake, akasimama nyuma yangu. Athumani akasimama mlangoni, kofia mkononi. Mzunguko wa kwanza ukashuka. Wa pili. Wa tatu, wa nne, wa tano. Somoe akaanza kulia, hakuna aliyegeuka.

Wa sita ukashuka.

Mzunguko wa kumi na tatu, kwisha. Ramani nzima, ukanda wote, vijiji vyote vitano.

"Umebadilisha nini kwenye solver?" Injinia akauliza.

"Sijagusa solver."

"Umebadilisha nini, Mama Somoe?"

"Nimerudisha chemchemi mbili mahali Mungu alipoziweka."

 Nikamsomea ile sentensi ya daftari la Athumani kwa sauti. Kisha nikamkumbusha nani alisema mashine haisomi Kiswahili. Na nani alikubali. Nilijitaja na mimi, sikujificha.

Akaenda ukutani, akalowesha kitambaa kwa chai iliyobaki, akafuta mstari mwekundu. Haukutoka wote, ukabaki wa waridi. Ripoti ikaondoka saa sita na kijiji chetu ndani.

Mnaniuliza basi nimekasirikia nini? Nimekasirikia hiki: niliisoma hiyo ripoti. Imeandikwa kwamba tatizo lilitatuliwa "baada ya kuboresha vigezo vya solver". Vigezo gani? Kilichoboreshwa ni miguu yangu. Athumani hayumo, mama mdogo hayumo, mimi simo. Na kesho injinia mwingine ataisoma, atarekebisha vigezo wiki tatu, halafu atachukua kalamu nyekundu.

Kiti hakunipa. Nilikikalia siku alipokwenda Dar, kinayumba, si kiti cha kugombania.

Baada ya hapo nilikaa nikapiga safu ya maelezo yote, fomu kwa fomu, bila kuruhusiwa na mtu. Nikakuta mengine: kisima kilichopimwa siku kikiwa kimetoka kuchotwa, kingine kilichopimwa kwa kuuliza. Hayo hayakuua solver. Yalipita yakatoa majibu mazuri, ya uongo. Hilo ndilo linanitisha kuliko lile lililogoma. Solver iliyogoma ilikuwa inatuambia ukweli, sisi ndio tuliotaka kuinyamazisha.

Kijana uliyeuliza, jibu langu ni hilo. Punguza tatizo mpaka liingie kwenye processor moja. Uliza kosa limekaa wapi, si ni kubwa kiasi gani. Soma log kuanzia juu. Ukikuta kosa lililotulia kama ndoo, tafuta mlango uliozibwa. Na mtafute aliyekwenda kupima, kaa naye, muulize alisimama wapi siku ile. Atakwambia. Hajawahi kuulizwa tu.

Nilipompigia mama simu ya jirani kumwambia kijiji kimo, aliniuliza:

"Kwa hiyo hiyo mashine sasa inajua tunapoteka?"

"Inajua, mama."

"Na kupanda, inakujua?"

"Hapana, mama. Kupanda haikujui."

"Basi waambie wasichelewe kuchimba."

Nimewaambia. Nawaambia kila Jumatatu.

Waliofanya kazi za field, njooni mseme mlisimama wapi. Waliokaa ofisini, semeni mliruka safu gani. Kunipinga ruksa, matusi nayajua yote kwa lugha tatu.

Na wewe mtaalamu uliyesema "ikate", nakusubiri hapahapa. Huko ulikowahi kukata, alikuwa anaishi nani?